Habak Iliyomwagiliwa Jioni

Nianze na kosa, maana watu wakimsimulia Onesmus hupenda kuanza na wema wake, na mimi sina subira hiyo. Onesmus aliichemsha amana ya watu. Aliichemsha siku tisa mfululizo, kwa mapenzi yote, huku akipiga mluzi nyimbo za kanisani kwao. Na mimi niliyekuwa hatua ishirini kutoka pale, jikoni, nakunja sambusa, sikujua lolote mpaka nilipotia mkono wangu mwenyewe kwenye maji.

Jina langu Swafiya. Ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na moja napika katika nyumba ya Umm Muhanna, Al Khawanij, huku Dubai. Mimi humwita Bibi, kwa sababu ana umri wa bibi yangu na ulimi wa bibi yangu. Nyumba nzima inamcha. Hata mwanawe Muhanna, mwanamume mwenye mvi zake na ofisi yake, akiingia kwa mamake huvua viatu mlangoni na sauti huiacha hapo hapo.

Onesmus aliletwa mwezi wa Februari. Mkamba wa Mwala, kule Machakos, miaka thelathini na sita, mrefu, mwembamba, mkimya. Alikuwa akilala kwa binamu yake Dancan, askari wa lindo, chumba kimoja watu wanane kule International City, mpaka Bibi aliposikia kuna kijana anayejua miche. Kwao alikuwa na kitalu chake kando ya mto wa mchanga, ule ambao maji yake huchimbwa, hayatiririki. Amekua akiteka maji kwa punda. Mtu wa namna hiyo hamwagi tone. Mimi nikimwaga maji niliyooshea mchele alinitazama utadhani nimemwaga maziwa.

"Dada Swafiya, hayo bado yana kazi."

"Basi yape wewe kazi, mimi yangu yanitosha," nikamjibu. Akayachukua, na tangu siku ile ndoo ya maji ya mchele ikawa yake.

Sasa habak. Ni nanaa ya mwituni, lakini usimwambie Bibi kwamba ni nanaa tu, utajuta. Huota milimani, kwenye mabonde, palepale maji yanapochuruzika, miguu yake ndani ya tope. Jani lake ni la kijivu, lina manyoya laini, na ukilifikicha harufu inakupanda mpaka kwenye macho. Mwisho wa joto hutoa maua madogo ya zambarau, yamejipanga juu ya kijiti, na hapo ndipo nyuki wanapokuja, wale wadogo wekundu. Bibi alizaliwa milimani. Alipoletwa mjini bi harusi, mamake alimfungia vijiti vitatu vya habak kwenye kitambaa kibichi. Chemchemi ya kwao imekauka zamani, kijiji kimebaki kuta. Kilichobaki ni kitanda kimoja cha udongo kwenye pembe ya bustani yetu, kikubwa kama mkeka wa kuswalia watu wawili.

Katikati ya Juni Bibi alisafirishwa Ujerumani kutibiwa macho. Siku ya safari alikaa kwenye kiti chake kando ya kitanda kile, akamwita Onesmus, na mimi nikafasiri.

"Hii ni amana," alisema. "Udongo usikauke hata siku moja. Nikirudi na macho, nitaona maua. Nikirudi bila macho, nitasikia nyuki."

Onesmus alivua kofia. "Mama, haitakauka."

Na kweli haikukauka. Hilo ndilo linaloniuma.

Niwaeleze maji ya huku, kwa wasioyajua. Tangi liko juu ya paa, na kuanzia Juni jua linalipiga kutwa. Bomba la baridi ndilo linalotoa maji ya moto. Sisi wakaazi tunazima mtambo wa kupasha maji, kisha tunaoga kwa bomba la moto, kwa sababu yale yaliyotulia ndani ya mtambo yamepoa kidogo. Alfajiri tangi linakuwa na nafuu. Jioni, baada ya kutwa juani, maji hayashikiki. Bibi alikuwa akiimwagilia habak yake kwa birika, mara tu baada ya swala ya alfajiri, miaka yote. Hakutaja saa alipoondoka. Kwani mimi nikikupa chai nakwambia uinywe kwa mdomo?

Lakini kwao Mwala watu humwagilia jioni. Jua likishazama, mmea hulala umeshiba, na maji hayaibwi na joto. Anayemwagilia asubuhi ni mvivu au mjinga, na Onesmus hakuwa hata kimoja. Kuoga alioga alfajiri, nusu ndoo, kwa hiyo hata mwilini hakuyajua maji ya jioni. Mitende na maua ya ukutani yalikuwa na mabomba yake yanayofunguka yenyewe kabla usiku haujaisha. Habak peke yake ndiyo iliyokuwa ya kumwagiliwa kwa mkono. Mwanzo alitumia maji yangu ya mchele. Julai ikaingia, Muhanna na watoto wake wakasafiri, upishi ukapungua, ndoo ikawa haijai. Ndipo akashika mpira.

Jioni moja, baada ya adhana ya magharibi, nilitoka na trei ya samaki nikaioshe nje, jikoni kusinuke. Onesmus alikuwa amechutama pale, mdomo wa mpira ameufukia chini ya majani makavu ili tone lisipotee. Hata kutazama maji hakuyatazama.

"Nipishe kidogo," nikasema, nikauchomoa mpira, nikatia mkono. "Uuwi!" Trei ilikwenda huko, samaki huko. "Onesmus! Haya maji unampa nani?"

"Habak."

"Tangu lini?"

"Wiki na siku mbili. Dada, inanyauka, kwa hivyo nimeiongeza. Jana nimeipa mara mbili."

Nilimshika mkono nikauburuta mpaka kwenye maji. Nilitaka aruke kama mimi. Hakuruka. Aliuacha mkono wake pale, ukaiva ukawa mwekundu, mpaka mimi ndiye niliyekwenda kufunga bomba.

"Ngai," alisema. "Nimeipika."

Nilimtukana. Sitaficha, nilimtukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikaendelea kwa Kiarabu. Nikamwambia mamake mtu alifunga kitambaa, bintiye akailinda miaka hamsini, wewe umekuja na mluzi wako umeila kwa siku tisa. Alipiga magoti akaanza kufukua kwa vidole. Mizizi ilitoka ya kahawia, laini kama mchicha uliopitiliza kuiva. Alifukua kitanda chote.

Kwenye ukingo kabisa, kando ya ukuta wa majlis, chumba cha wageni, pale ambapo bomba la esii, mashine ya kupoza hewa, hudondosha maji yake tone tone, alikuta mizizi mitatu myeupe, myembamba kama tambi. Maji ya esii ni baridi na hayana chumvi. Habak yenyewe ilikuwa imejitafutia.

"La kuvunda halina ubani," nikamwambia. "Wacha."

"Hii haijavunda," alisema. "Nipe beseni."

Kulikuwa na beseni moja tu la kufaa, la buluu, ninalokandia mahamri, nimelibeba kutoka Mombasa. Alilitoboa chini kwa msumari wa moto huku nikitazama. Sikusema kitu, na wanaonijua wanajua hiyo ni ajabu.

Kuanzia siku ile maisha yake yakawa beseni. Aliliweka nyuma ya jikoni kwenye kivuli, na kivuli kikihama naye alihama nalo, mara nne kwa siku. Alikinga maji ya esii kwenye jerikeni, akayaacha yalale, akamwagilia alfajiri. Alfajiri tu. Juu alitandika gunia bichi. Mkewe, Annah, alimtumia ujumbe wa sauti kila jioni, na yeye alimweleza habari zote za dunia isipokuwa hiyo. Nilimuuliza kwa nini.

"Nimeuza miche tangu nikiwa darasa la sita," alisema. "Nitamwambia nini, nimeua kwa maji?"

Muhanna alirudi Agosti. Alikwenda bustanini na viatu vyake vya safari, akasimama mbele ya udongo mtupu, akaita. Tulikwenda wote wawili. Onesmus alimweleza kila kitu kwa Kiingereza chake kifupi, akamwonyesha beseni lenye vijiti vitatu vya urefu wa kidole. Muhanna aliinama akavitazama.

"Duniani hakuna nyingine ya kwao," alisema. "Mama asiambiwe, yuko hospitali. Lakini siku atakayorudi, akikosa habak yake, wewe Onesmus utapanda ndege. Viza naifuta siku hiyo hiyo. Khalas." Alifika mlangoni akageuka. "Na esii ya majlis izimwe. Hakuna wageni."

Tukatazamana. Esii ikizimwa, hakuna matone. Onesmus hakuthubutu kufungua mdomo, na mimi, mwenye ulimi, nao siku hiyo ulinikauka.

Ikabaki esii ya chumba changu. Tukalihamishia beseni chini ya dirisha langu. Ili itoe maji ya kutosha niliiweka kwenye baridi ya mwisho, mchana na usiku. Wallahi, Agosti ya Dubai, nje watu wanakaangika, mimi nimejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana, ili mmea wa watu upate kunywa. Asubuhi Onesmus alikuwa akigonga dirisha: "Dada Swafiya, leo umeleta lita sita." Nikamwambia aniache, nina mafua.

Septemba vijiti vikawa kumi na kitu. Mwanzoni mwa Oktoba ncha zikaanza kufunga vitumba, vidogo, vya kijani. Bibi alitazamiwa katikati ya Novemba. Onesmus alihesabu kwa vidole: maua wiki mbili, nyuki wiki moja wazoee, kisha kuhamishia kitandani. Alianza tena kupiga mluzi, taratibu.

Jumamosi Muhanna akaja jikoni, simu ikiwa bado mkononi. "Mama anarudi Jumanne. Macho yameshindikana. Haoni kabisa."

Nilimlilia Bibi, na hapo hapo, bado nina machozi, akili yangu ikaanza kutengeneza uongo. Siku tatu. Maua hayajafunguka, nyuki hakuna, kitanda ni udongo mtupu. Lakini Bibi haoni. Akipeleka mkono akashika majani, si atatulia? Beseni litakua polepole, tutabadilisha baadaye, nani atajua?

Jumapili Onesmus alipokwenda kanisani mimi nilikwenda sokoni. Nilinunua mafungu ishirini ya nanaa, yale yanayouzwa na mizizi yake, nikarudi mbio nikayapanda. Nikajaza kitanda chote. Mpishi akipanda hupanda kama anayepanga sahani, nilipenda hata nilivyopanga.

Onesmus alirudi na shati lake jeupe la ibada. Alisimama.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi yako nimeiokoa."

"Ng'oa, Dada."

"Sing'oi. Bibi haoni."

"Haoni, lakini ana pua."

"Nanaa ni nanaa," nikasema. Mimi, mpishi, ambaye pua yangu ndiyo mkate wangu! Nilijua fika nanaa ya sokoni ni tamu na laini, na habak ni kali. Nilisema hivyo hivyo.

Aliinama, akashika shina moja. Nikaona mkono wake umesimama. Alikuwa akifikiria ndege, na mimi nilijua anafikiria ndege, kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Aliliachia shina akaenda chumbani kwake bila kula.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Mimi nimesoma madrasa, nimefundishwa maana ya amana na fimbo juu. Yeye ni Mkamba wa kanisa, hilo neno nilimfasiria mimi. Na kati yetu wawili mimi ndiye niliyeichezea. Astaghfirullah.

Jumanne, baada ya alasiri, gari liliingia. Bibi alishushwa kwenye kiti cha magurudumu, miwani myeusi, amekonda. Hakutaka kuingia ndani. "Habak," alisema tu. Muhanna akamsukuma mpaka pembeni mwa bustani, na alipoona kijani kimejaa akashangaa, akanitazama mimi, akamtazama Onesmus. Nikatazama chini.

Bibi alinyoosha mkono. Alishika jani, akalifikicha, akalileta puani. Akasikiliza. Bustani nzima ilikuwa kimya, hakuna bawa. Kisha akashika shina chini kabisa, akavuta, na fungu zima likatoka kwa pamoja. Vidole vyake vikaanza kupapasa mizizi, polepole, vikakuta kitu, vikakivuta. Kikaachia, pa!

Ulikuwa mpira mwekundu mdogo, ule wanaofungia mafungu sokoni. Nilipanda mafungu ishirini, sikufungua hata moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu hata kutoka mlangoni haikutoka.

"Tangu lini habak ya mama yangu inazaliwa na mpira?" aliuliza Bibi.

Muhanna alipumua kwa nguvu. "Onesmus," alisema kwa Kiingereza, "kafunge mizigo."

Onesmus hakubisha. Hakusema si mimi. Alisimama na mikono ubavuni, na nikaona kwamba ataondoka hivyo hivyo, na uongo wangu kwenye mizigo yake.

"Bibi, ni mimi," nikasema. "Hii ya sokoni nimepanda mimi. Yeye aliniambia ning'oe."

"Na yangu iko wapi?"

Nilimfasiria Onesmus, ingawa alikuwa ameshaelewa. Alikwenda nyuma, akarudi amekumbatia beseni la buluu, akapiga goti mbele ya kiti. Bibi alipapasa ukingo, udongo, vijiti. Alifikicha jani moja. Uso wake ukakunjamana, ukakataa kulia.

"Imekuwaje?"

"Niliichemsha, Mama," Onesmus alisema, nami nikafasiri neno kwa neno. "Kwetu tunamwagilia jioni. Sikujua maji ya hapa. Imebaki hii. Na hii ya sokoni nilipoiona sikuing'oa. Niliogopa."

Bibi alipapasa ncha za vijiti.

"Maua yako wapi?"

"Vitumba, Mama. Bado."

"Niliacha amana nikasema nitasikia nyuki," alisema Bibi. "Muhanna, tiketi yake kata ya siku ya kumi na moja. Nyuki wakija kabla ya hapo, abaki. Wasipokuja, itakuwa kama ulivyosema wewe, aende. Swafiya atanipa habari. Macho yangu sasa ni yeye." Akanigeukia, miwani ile myeusi. "Na nanaa yako usiitupe. Utainywa."

Beseni likawekwa barazani, karibu na kiti chake. Siku ya tatu maua yakafunguka, zambarau, safi. Nyuki hawakuja. Miezi mitatu pale pembeni palikuwa hapana kitu, walishasahau njia. Kila asubuhi nilipomletea kahawa Bibi aliuliza neno moja tu.

"Wamekuja?"

"Bado, Bibi."

Siku ya nne bado. Siku ya tano bado. Onesmus alifanya kazi zake zote, akapogoa mitende, akafagia, lakini kila dakika macho yake yalikuwa barazani. Alipita nzi mmoja, nikadhani nyuki, nikasimama. Nzi. Siku ya saba niliota nyuki. Nilikuwa nakunywa ile nanaa yangu asubuhi na jioni.

Siku ya tisa Muhanna aliingia jikoni, akafunga mlango. "Swafiya, mwambie wamekuja."

"Sir?"

"Mwambie wamekuja. Hali zake si nzuri, halali, unamwona. Afurahi. Na huyu bwana abaki, mimi sina ugomvi naye tena. Neno moja tu."

Wallahi, nililitaka lile neno. Lingemfurahisha mgonjwa, lingemwacha mtu na kazi yake, na hakuna ambaye lingemdhuru. Nikatoka nikamweleza Onesmus. Alikuwa chumbani kwake, begi limefunguka kitandani, nguo zimekunjwa vizuri.

"Hapana, Dada," alisema. "Nilishamdanganya mara moja kwa kunyamaza, imenitosha. Kurudi nitarudi. Annah nimeshamwambia yote, jana."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Kisha akalia." Akanishika mkono, akanipeleka kwenye jerikeni. "Ukikinga, yaache yalale. Alfajiri tu. Ukisahau alfajiri, ngoja kesho, usimpe jioni. Baridi ikizidi, mhamishie kwenye kitanda chake bustanini, mzizi mmoja mmoja, usikate." Alinifundisha yote pale, na mimi nilirudia kila neno kama mtoto, nikitamani kumpiga.

Siku ya kumi nilipika kahawa nikaimwaga, nikapika nyingine. Muhanna alikuwa barazani amesimama nyuma ya mamake. Onesmus alisimama chini kwenye ngazi, na kofia mkononi. Nilitazama maua. Niliyatazama yote, moja moja, nikaangalia na chini ya majani, labda yumo mmoja amelala.

"Wamekuja?" aliuliza Bibi.

Muhanna alinikazia macho.

"Bado, Bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi alikunywa kahawa yake. Alikunywa mpaka mwisho, akanipa kikombe.

"Muhanna, futa tiketi."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Mimi sina macho. Siku kumi hawa wangeniambia chochote, nani angewakataza? Wakaniambia bado." Alitingisha mkono, kama anayefukuza mjadala. "Yalla, nenda ofisini. Onesmus, hilo begi lako rudisha nguo kabatini, halafu njoo unisukume, kuna jua."

Onesmus hakuhitaji tafsiri. Alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa kofia, na hakuna aliyemharakisha.

Haya yote yalikuwa Oktoba. Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba, hewa imeshapoa, na mimi nilikuwa barazani nalalamika kuhusu bei ya nyanya, Bibi aliponikata kauli.

"Nyamaza, Swafiya."

Nikanyamaza. Sikusikia kitu. Nikatazama beseni, sikuona kitu.

"Kushoto kwako," alisema Bibi. "Juu."

Alikuwa huko, mdogo, mwekundu, amening'inia kwenye ua la juu kabisa, na miguu yake inafanya kazi. Akaja wa pili. Wa tatu akapita karibu na sikio langu, na kwa mara ya kwanza maishani sikumpiga mkono. Nilimwita Onesmus kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya jirani. Alikuja mbio na jerikeni, nusu ya maji imemwagika njiani, mtu yule asiyemwaga tone. Alichutama mbele ya beseni.

Bibi alikuwa amewasikia kabla yetu sote. Hakuwa na haja ya mtu wa kumwambia. Lakini alinigeukia na ile miwani yake, akauliza kama asubuhi zote.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, Bibi," nikasema, nikaanza kulia mbele yao bila haya.